Upatu wa Bibi na Ukalimani Wangu

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika nyumba niliyolelewa mjini Siyu, kisiwani Pate, hapakuwa na mbiu. Palikuwa na upatu. Ulitundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa chumba cha bibi yangu, mzaa mama, nao ulikuwa duara la shaba ya manjano lenye ukingo uliopinda kidogo, upana wake ukitoshana na sinia la kupakulia wali wa watu wanne. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Uliposhushwa pale ukutani na kufutwa kwa ndimu na majivu, tulijua bila ya kuambiwa kwamba mtaani kuna harusi.

Makala haya ni habari ya upatu ule, na ya maneno machache niliyoyasema juu yake nilipokuwa mtoto. Nimeona niyaandike katika jarida hili la chama chetu kwa sababu wasomaji wake ni watu wa lugha, na kosa nililolifanya lilikuwa kosa la lugha.

Kwanza nimweleze msomaji ambaye hajapata kuuona upatu ukipigwa. Bibi hakuutundika wakati wa kuupiga. Aliketi juu ya mkeka, akauegemeza upatu kwenye paja lake la kushoto, akaushika ukingo kwa vidole viwili tu ili sauti isife, kisha akaupiga kwa vijiti viwili vyembamba. Pembezoni mwake walisimama wanawake wa vugo, kila mmoja na pembe lake la ng'ombe na kijiti chake. Pembe hutoa sauti kavu na fupi. Ngoma nazo hupanda na kushuka kadiri mpigaji anavyoona wachezaji wanachangamka. Upatu haupandi wala haushuki. Kazi yake ni kushika mwendo, ili wote wanaotangatanga wajue pa kurudi. Bibi alikuwa akisema kwamba mpigaji mbaya wa ngoma huonekana mara moja, lakini mpigaji mbaya wa upatu huonekana pale tu harusi nzima inapopotea.

Neno lenyewe lina mambo yake. Mwanafunzi wa Kiswahili akitajiwa upatu leo, aghalabu hufikiria ule mchezo wa fedha ambapo watu huchanga kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu. Kamusi zetu huzitaja maana zote mbili, ya fedha na ya chombo cha kupiga. Hiyo ya pili imefifia masikioni mwa wengi, hata darasani nilipowahi kusema kwamba bibi yangu anapiga upatu, mwenzangu mmoja aliniuliza anatoa shilingi ngapi kwa mwezi! Nilicheka, ila moyoni nilihuzunika. Chombo kikikosa mpigaji, jina lake hutafuta kazi nyingine.

Hata hivyo, ushairi na masimulizi ya pwani yetu yamejaa sauti za vyombo. Nani asiyekijua kisa cha Fumo Liongo, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913? Liongo alipofungwa, mjakazi Saada alimpelekea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake. Akaomba pafanywe gungu kubwa nje ya gereza, na watu walipopaza kiitikio na vyombo vikalia, yeye akakata minyororo. Waliponyamaza, naye akasita na kuimba ubeti mwingine. Nilipokuwa mdogo nilikipenda kisa hiki kwa ajili ya ujanja wa Liongo. Siku hizi kinanifundisha jambo jingine, nalo ni kwamba kelele ya shangwe inaweza kuficha sauti ya tupa. Watu wakifurahia sana jambo, hawasikii kinachokatwa karibu nao.

Sasa niingie katika kiini cha habari yangu.

Kila aliyekulia Siyu amesikia simulizi ya Wachina. Husemwa kwamba zamani za kale chombo kikubwa kutoka China kilivunjika mwambani karibu na Shanga, upande wa kusini wa kisiwa chetu, na mabaharia walionusurika wakaogelea hadi pwani. Wenyeji waliwapa sharti la kumuua joka lililokuwa likiwasumbua. Walipolishinda waliruhusiwa kukaa, wakasilimu, wakaoa, na Shanga ilipohamwa wakahamia Siyu. Simulizi hii ilikuwa yetu kwa muda mrefu bila ya kutudhuru. Ilisimuliwa usiku pamoja na za majini na za wafalme wa Pate. Kisha dunia ikaigundua. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amiri wa bahari Zheng He, msichana mmoja wa Siyu alipewa nafasi ya kwenda kusomea uganga wa asili nchini humo. Mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na wa China walianza kazi ya pamoja ya kuchunguza mabaki ya kale katika pwani yetu na chini ya bahari. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba katika kisiwa jirani cha Manda imepatikana sarafu yenye tundu la mraba katikati, ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia mwaka 1402 hadi mwaka 1424.

Naam, wageni walianza kuja. Walishuka Lamu, wakapanda mashua, wakangoja maji yajae ili wapite katikati ya mikoko, wakaingia Siyu na madaftari yao. Wote waliuliza swali moja kwa namna mbalimbali: mna nini kilichotoka China? Watu wakaanza kutazama upya vitu vya majumbani mwao. Sahani iliyopasuka iliyokuwa ikiwekewa maganda ya vitunguu ikapandishwa rafuni. Simlaumu mtu. Siyu ni mji ambao katika karne ya 19 ulisifika kwa wanazuoni wake, kwa waandishi wa misahafu na kwa mafundi wa ngozi, na baadaye ukasahauliwa. Mtu aliyesahauliwa akiulizwa habari zake, hujibu kwa haraka ili muulizaji asiondoke.

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la saba, na Kiingereza changu kilisifiwa na walimu. Mgeni mmoja alipofika kwetu na kutaka mtu wa kumfasiria, niliitwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Bibi alimkaribisha kwa kahawa na tende. Mgeni akauona upatu ukutani, macho yake yakang'aa. Akaniomba nimuulize bibi chombo kile kimetoka wapi.

Nikamuuliza. Bibi akajibu kwa kirefu, kama ilivyo desturi yake. Alisema kwamba upatu ule ulinunuliwa na mama yake mzazi mjini Lamu, katika duka la Mhindi, kabla ya yeye bibi kuolewa. Alisema mama yake alisuka ukili misimu miwili, akashona mikeka, akaiuza kwa nahodha aliyekuwa akienda Mombasa, na fedha zile akazifunga katika pindo la kanga. Alimtaja mwenye duka kwa jina lake. Alisema baba yake alinuna wiki nzima, akisema fedha hizo zingelinunua mbuzi. Alisema upatu wa kwanza wa mtaa ule ulikuwa wa jamaa nyingine, nao waliwanyima wasichana wa ukoo wetu walipoolewa. Ndiyo maana mama yake akaapa kwamba binti yake hataolewa kwa upatu wa kuazima.

Nilimgeukia mgeni. Alikuwa ameishika kalamu, amengoja. Nikasema kwa Kiingereza kwamba bibi anasema chombo hiki kilitoka katika jahazi la Wachina.

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalinitoka kwa sababu niliuona uso wa mgeni na nikajua anachokitaka. Lakini lililofuata nililipanga. Nyuma ya upatu, karibu na ukingo, palikuwa na chapa ndogo ya kiwandani, herufi za Kirumi zilizokwisha kufutika nusu. Mgeni alipoomba kuupiga picha, niliushusha mimi mwenyewe, nikaushika kwa namna ambayo chapa ile ilielekea kifuani mwangu. Alipiga picha tatu. Alipokuwa akiondoka alinipa noti ya shilingi elfu moja, akanisifu kwamba mimi ni kijana mwerevu. Bibi aliuliza mgeni amesema nini. Nikamwambia ameshukuru kwa kahawa.

Miaka ilipita. Nikajiunga na chuo kikuu, nikachagua Kiswahili, na katika somo la tafsiri na ukalimani nikajifunza majina ya kitaalamu ya uaminifu na ya usaliti. Niliandika mitihani juu ya mkalimani kutojiongezea wala kutojipunguzia, na nilipata alama nzuri. Hata siku moja sikukumbuka shilingi elfu moja.

Kisha ikaja siku ya mawasilisho ya semina. Mwanafunzi mwenzetu aliwasilisha kazi juu ya athari za China katika utamaduni wa Waswahili. Aliitaja Shanga na vigae vya vyungu. Aliitaja sarafu ya Manda. Halafu akaonyesha picha ukutani na kusema kwamba hadi leo familia moja ya Siyu imehifadhi upatu wa Kichina uliorithiwa kutoka kwa mabaharia, na kwamba bibi mwenye nyumba amethibitisha hayo kwa kinywa chake. Niliutambua msumari kabla ya kuutambua upatu. Katika kona ya picha palionekana vidole vya mtoto.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Usiku ule sikulala. Nilianza kusoma nilichopaswa kukisoma mapema. Wachina wana upatu wao, wanaouita luo, na ni chombo chenye heshima kubwa. Hufuliwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, kadiri ya mafungu manne ya shaba kwa fungu moja la bati, hupashwa moto na kupigwa nyundo mara nyingi, kisha huzamishwa majini kingali cha moto ili kisiwe chepesi kuvunjika. Katika tamthilia ya kuimba ya Beijing kuna mkubwa uitwao daluo, ambao sauti yake hushuka baada ya kupigwa, na mdogo uitwao xiaoluo, ambao sauti yake hupanda. Mtazamaji mzoefu husikia tu na kujua ni mtu wa aina gani anayeingia jukwaani. Zamani maofisa wa dola walipopita barabarani walitanguliwa na mpigaji wa luo ili watu wapishe njia. Vitani, ngoma iliwaamuru askari wasonge mbele, na chuma kikigongwa walirudi nyuma. Mwezi ulipopatwa watu walipiga luo na masufuria ili mbwa wa mbinguni autapike.

Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona jinsi uongo wangu ulivyokuwa mbovu. Upatu wa bibi ni bamba jembamba la shaba iliyochanganywa na zinki, wala haukupata kuning'inizwa kwa kamba ili upigwe. Na huyo anayetangulia mbele ya mkubwa kwa sauti, kwetu sisi hakuwa upatu, alikuwa siwa. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimo katika makumbusho ya Lamu, na mwenye macho na akazione. Habari za Pate husimulia jinsi Mwana Darini alivyonyimwa siwa ya kifalme kwa jando la mwanawe, akamwita fundi amchongee siwa yake mwenyewe kwa pembe ya ndovu. Niliposoma kisa hicho nilishtuka. Mama mkuu wangu hakuwa malkia, na upatu si siwa, lakini alinyimwa kama Mwana Darini alivyonyimwa, na jibu lake lilikuwa lilelile. Habari hiyo ndiyo niliyoifuta kwa sentensi moja. Nilichukua mwanamke aliyesuka ukili misimu miwili, nikaweka baharia badala yake.

Na Shanga je? Wapo wanaosema kwamba jina hilo limetoka Shanghai. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 umeonyesha kwamba watu walikaa Shanga tangu karne ya 8, na mji ukahamwa mapema katika karne ya 15. Zheng He alianza safari zake mwaka 1405. Mji hauwezi kungoja miaka 600 bila ya jina. Vivyo hivyo tusidanganywe na mlio wa maneno: Wazungu huita chombo hiki kwa neno walilolichukua kwa Wajava na Wamalay, nasi tunalo kitenzi chetu cha kugonga ambacho ni cha Kibantu. Yamefanana kwa sababu chuma kikipigwa husema vivyo hivyo kila mahali.

La hasha, sisemi kwamba China haikufika kwetu. Vigae vya vyombo vya Kichina vimo Shanga katika tabaka za kale, karne nyingi kabla ya Zheng He, na simulizi ya Siyu inastahili kusikilizwa na kuchunguzwa. Ninachosema ni kwamba ushahidi wa kweli hauhitaji kusaidiwa na wa uongo, na ule wa uongo ukigunduliwa huuangusha wa kweli pamoja nao.

Asubuhi yake nilimwendea mhadhiri wetu na kumweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: je, bibi yuko hai? Nikajibu kwamba yuko hai. Akasema basi mimi si wa kwanza kusikia maungamo hayo, akaendelea kusahihisha karatasi zake.

Nilifika Siyu wakati wa alasiri. Bibi alikuwa amezeeka sana. Macho yamepungua nuru, lakini masikio yake yalikuwa yaleyale. Niliubusu mkono wake, nikaketi chini, nikaanza kwa kuzungukazunguka. Nikataja masomo, nikataja mvua, nikataja bei ya samaki. Mwishowe nikasema yaliyonileta. Nilipomaliza, alinyamaza muda mrefu.

"Naliyua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje, naye hakijui Kiingereza.

"Mimi nalinena maneno ya kujaza kapu. Nimemtaja mamangu, nimeutaja ukili, nimelitaja duka, nimemtaja babangu na mbuzi wake. Wewe ukanena maneno ya kujaza kiganja. Nikasema, hayo mengine ameyaweka wapi kijana huyu?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza siku ile ile.

"Nalikungoya," akasema. "Mpiga upatu hamkimbilii mtu aliyepotea ngomani. Hushika mwendo wake tu, mpaka mwenyewe arudi."

Kisha akaniambia niushushe. Nikaushusha, nikaugeuza, nikampa kidole chake kwenye ile chapa. Akacheka. Alisema mama yake aliichukia chapa hiyo, akaisugua kwa mchanga miaka na miaka ili jamaa waliomnyima wasiseme kwamba upatu wake ni wa dukani. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuificha. Lakini yeye aliificha ili ukoo wake usidharauliwe, nami niliificha ili yeye asahauliwe. Bibi hakunipambanulia hayo; aliyaacha niyaone mwenyewe.

Niliporudi chuoni nilimwandikia mwenzangu wa semina. Alikasirika mwanzoni, na alikuwa na haki, kwani alikuwa ameijenga sura nzima ya kazi yake juu ya picha ile. Baadaye aliniomba nimwandikie maneno yote ya bibi kama alivyoyasema, pamoja na mbuzi. Nimeyaandika. Yule mgeni mpole sikumpata tena, na kwa hivyo maneno yangu ya mwaka 2012 yangali yakitembea mahali fulani katika daftari lake. Makala haya yakimfikia, na ayachukue kuwa marekebisho.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutatumwa vijijini kukusanya fasihi simulizi. Tutakuwa wakalimani baina ya wazee wetu na watu wenye kalamu. Tutauona uso wa anayengoja jibu, na tutajua anachokitaka. Siku hiyo tukumbuke kupima kapu na kiganja: tulichokisikia kilikuwa kirefu kiasi gani, na tunachokitoa ni kirefu kiasi gani? Yaliyopungua tumeyaweka wapi?

Upatu umerudi msumarini pake. Safari hii nimeutundika chapa ikiwa mbele.